KUSIKILIZA MLIO WA INJINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi. Imepigwa chapa kwa ombi la Halmashauri.)



Nimetakiwa na Halmashauri niseme nanyi jioni hii juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana kuwa kazi ya mafundi wala si ya makarani. Nashukuru kwa heshima hiyo. Mimi si fundi wa cheo. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutunza ghala la vipuri na vitabu vya magari katika karakana, na kila siku mbele ya dirisha langu hupita madereva na mafundi wakibishana juu ya milio. Mtu akikaa mahali kama hapo hujifunza, apende asipende. Naye akiona kipuri gani kimechukuliwa kwa ajili ya mlio gani, na gari lipi limerudi wiki iliyofuata likilia vile vile, hupata elimu ambayo haimo katika vitabu vya ghala.

Sababu ya kulileta jambo hili katika chama chetu ni fedha. Wengi wenu hivi leo mna magari yenu wenyewe, aghalabu yaliyotumika kwanza huko Japani yakashushwa katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, na aghalabu yamenunuliwa kwa mkopo unaokatwa katika mshahara kila mwezi. Mwenye mkopo wa miaka mitatu hana nafasi ya kununua injini ya pili. Siku gari lake linapotoa mlio usiozoeleka huingiwa na hofu, huenda gereji na hofu hiyo usoni pake, na fundi asiye mwaminifu huusoma uso kabla ya kuisikiliza injini.

Namjua mwanachama mmoja ambaye gereji fulani, baada ya kusikiliza kwa muda wa dakika moja tu, ilimwambia kwamba injini yake imekwisha. Akashauriwa aliuze gari kama lilivyo. Na ajabu ni kwamba mnunuzi alikuwapo pale pale, amesimama kivulini. Heri yake alikuwa na shemeji yake, mwendesha lori, aliyemwambia, "Shemeji, usiuze kitu. Fungua mkanda kwanza." Wakaufungua mkanda wa mbele ya injini, wakawasha, na mlio wote ukatoweka. Ilikuwa beringi ya altaneta. Beringi ile ilibadilishwa kabla ya adhuhuri, na gari lile lipo, jioni hii limeegeshwa nje ya jumba hili.

Sasa na tuuendee mlio wenyewe. Kwanza yatupasa kufahamu kwa nini masikio hudanganywa. Sauti hupita hewani kwa mwendo wa kadiri ya mita 340 kwa sekunde, lakini katika chuma hupita kwa kadiri ya mita 5,000. Injini ni donge moja la chuma na aluminiamu lililofungwa kwa boliti. Kitu kikigonga mbele, mgongano ule hufika nyuma, juu na chini kabla hujapepesa jicho, nao hutoka nje penye bati jepesi kuliko pote, kama vile kifuniko cha juu au sahani ya oili ya chini. Ndiyo maana watu wanne wakisimama kulizunguka boneti lililo wazi, kila mmoja huonyesha mahali pake kwa kidole, wala hakuna hata mmoja aliye mwongo.

Basi usianze kwa kuuliza mlio watoka wapi. Anza kwa kuuliza watoka lini. Je, huja injini ikiwa baridi asubuhi, ukaisha ikipata moto? Au huanza baada ya moto? Je, hufuata mwendo wa injini au mwendo wa magurudumu? Jambo hili la mwisho hupimwa kwa urahisi: simamisha gari, vuta breki ya mkono, weka gia huru, ukanyage mafuta kidogo. Mlio ukija gari likiwa limesimama, umo katika injini au katika vitu vinavyozungushwa nayo. Usipokuja ila gari likienda, acha boneti, ukatafute katika magurudumu, breki na sanduku la gia. Na kwa gari la kukanyaga klachi, kanyaga klachi injini ikizunguka: mlio ukikoma, shuku beringi iliyo mlangoni mwa sanduku la gia, mlio ukianza wakati wa kukanyaga, shuku beringi ya klachi yenyewe. Nimeona injini mbili zikifunguliwa bure kwa sababu ya beringi hii ya klachi.

Swali la pili ni la hesabu, na makarani ni watu wa hesabu. Katika injini ya mapigo manne, ambayo Nikolaus Otto wa Ujerumani alifaulu kuiunda mwaka 1876 na ambayo kanuni yake ndiyo iliyo katika magari yetu hata sasa, valvu hufunguka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Tuseme injini inazunguka taratibu mara 720 kwa dakika, yaani mara 12 kwa sekunde. Kitu kilicholegea katika valvu moja kitapiga mara 6 kwa sekunde; kitu kilicholegea katika krenki kitapiga mara 12. Sikio haliwezi kuhesabu 12, lakini kwa 6 hukaribia kuweza, hasa mtu akigonga meza kwa kidole akifuatisha. Mlio wa taratibu ulio nusu ya mwendo wa injini, mwepesi, wa juu, kama cherehani ya fundi nguo aliye chumba cha pili, ni wa valvu na jamaa zake. Mlio wa haraka, mzito, wa chini, una asili nyingine, nami nitaufikia.

Lakini kabla ya hayo yote, kabla hata ya kuinamisha kichwa, pima oili. Gari liwe mahali pa sawasawa, injini imezimwa dakika chache ili oili ishuke, ukivute kijiti, ukifute, ukirudishe, ukivute tena. Jambo hili halina gharama, na nusu ya waliokuja dirishani pangu hawakuwa wamelifanya. Injini iliyopungukiwa na oili hulia kila mahali, na ukiiongeza kwa wakati, yaani kabla vyuma havijakwanguana, mlio waweza kwisha papo hapo.

Mkanda ndio unaowatia watu hofu kuliko vyote na ndio unaogharimu kidogo kuliko vyote. Huo ni ule mkanda wa mpira wenye mistari, unaozungusha altaneta, mara nyingi pampu ya maji, na kompresa ya kiyoyozi. Ukilegea au ukikauka huteleza juu ya puli zake na kutoa ukelele mwembamba, hasa asubuhi ya umande, au baada ya mvua, au pale unapowasha taa kubwa na kiyoyozi kwa pamoja, kwa sababu altaneta hupewa mzigo nayo hukataa kuzunguka. Kuna kipimo chake cha maji ambacho nakipenda kwa wepesi wake. Injini ikizunguka taratibu, nyunyiza maji kidogo kwa chupa upande wa mistari wa mkanda, ukisimama mbali na feni. Ukelele ukizidi, mkanda umelegea na unateleza. Ukelele ukikoma kwa muda kisha ukarudi maji yakikauka, mkanda hautelezi. Ila puli moja imekaa upande, haikulingana na wenzake, na mkanda mpya utakaonunua utalia vile vile baada ya juma moja. Mtu akilijua hili hataniudhi tena kwa kunirudishia mkanda wa tatu akisema ghala langu lauza vitu vibovu.

Ikiwa mlio si ukelele bali ni mngurumo, au mkwaruzo kama wa jiwe la kusagia, hapo mkanda huenda ni mzima na beringi mojawapo ndiyo iliyokufa. Fanya kama shemeji yule. Zima injini, toa mkanda, washa kwa muda usiofika dakika moja, usikilize. Nasema usiofike dakika moja kwa kuwa katika magari mengi pampu ya maji huzungushwa na mkanda huo huo, na injini isiyozungushiwa maji hupata moto upesi. Na taa ya betri itawaka, usitishike. Mlio ukiwa umetoweka, zima tena, uzungushe kila puli kwa mkono. Puli nzima huzunguka laini bila sauti. Iliyo mbovu utaihisi vidoleni kama mchanga, au itatikisika ukiivuta huku na huku. Pampu ya maji ina ushahidi wake wa pekee: chini ya shingo yake kuna tundu dogo lililowekwa kusudi, na maji ya rejeta yakivuja humo huacha alama ya rangi iliyokauka. Ukiiona alama hiyo pamoja na mngurumo, usingoje mwisho wa mwezi.

Hapa naomba nafasi ya kusema juu ya bisibisi. Mwaka 1816 mganga Mfaransa, René Laennec, alipokuwa katika hospitali ya Necker huko Paris, alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na nyingine sikioni mwake, akasikia moyo wazi kuliko alivyousikia kwa sikio tupu. Ndicho kifaa cha waganga hata leo, kwa umbo lililotengenezwa zaidi. Fundi wa magari hufanya jambo lile lile kwa bisibisi ndefu: ncha ya chuma juu ya kitu anachokishuku, na mpini juu ya mfupa ulio mbele ya sikio. Asiye na bisibisi ndefu atumie fimbo ya mti mkavu. Kwa njia hii sauti ya altaneta hutengana na ya pampu, ijapokuwa ziko karibu kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Na kwa mlio wa kufyonza au kupuliza hewa, tumia kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni na nyingine ukiizungusha juu ya mabomba; bisibisi haisikii upepo.

Lakini tahadhari, ndugu zangu. Tai ya shingoni ivuliwe, ukaya ufungwe, mikono ya kanzu ikunjwe. Feni ya rejeta katika magari ya siku hizi ni ya umeme, nayo yaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Kwa hiyo hata pale mnapozungusha puli kwa mkono, ufunguo uwe umetolewa.

Narudi kwenye ule mlio wa cherehani. Si kila mlio wa namna hiyo ni valvu. Gasketi ya manifoldi ya moshi ikipasuka, moshi hupenya kwa mapigo, nao hutoa sauti ile ile kabisa. Tofauti ni hii: mlio wa moshi hupungua au huisha injini ikipata moto, kwa kuwa chuma hutanuka na kuziba ufa wake, na mahali penyewe huwa na masizi meusi. Plagi iliyolegea nayo hupuliza hivyo hivyo, na dawa yake ni spana ya plagi. Na valvu zenyewe zikiwa na nafasi kubwa kupita kiasi, injini haitakufa leo wala kesho. Ni kazi ya kurekebishwa kwa utaratibu. Fundi anayekuambia kwamba mlio wa valvu wadai injini nzima ifunguliwe, mwombe akuandikie maneno hayo kwa mkono wake na atie sahihi. Mara nyingi hapo kalamu hupotea.

Kuna na bati. Juu ya manifoldi na chini ya bomba la moshi huwekwa mabati membamba ya kukinga joto, na boliti zake hula kutu. Bati likilegea hutetemeka kwa mwendo mmoja maalumu wa injini, likanyamaza kwa mwendo mwingine. Hutisha kuliko kitu chochote nikijuacho, na huponywa kwa boliti moja. Sitakawia hapo. Wala sitakawia kwa paka, ijapokuwa katika majira ya baridi paka hulala juu ya injini yenye joto, na dereva mwema hupiga boneti kwa kiganja kabla ya kuwasha.

Sasa nafika kwenye neno ambalo limewapoteza wengi: kunoki. Mafundi wetu husema "injini imenoki," na maana yake ni kwamba imekufa. Neno hili tumelichukua kwa Waingereza, ambao kwao lamaanisha kugonga tu, nao wenyewe hulitumia kwa mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza ni mgongo wa petroli. La pili ni mgongo wa vyuma. Mtu asiyetofautisha haya mawili aweza kulipa fedha za la pili kwa ugonjwa wa la kwanza, au, jambo lililo baya zaidi, kupuuza la pili akidhani ni la kwanza.

Mgongo wa petroli ni hivi. Ndani ya silinda cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa mahali pamoja, na moto hutembea kwa mpango kwenda ng'ambo. Ikiwa petroli ni dhaifu kwa injini ile, au injini ina joto kupita kiasi, au masizi yamejaa juu ya pistoni, sehemu ambayo haijafikiwa na moto hujilipukia yenyewe kabla ya zamu yake. Mgandamizo hupanda ghafula na kuta za silinda hulia. Utasikia sauti kama punje za mahindi makavu zikitikiswa ndani ya kopo, nayo husikika gari likipanda mlima na mzigo, kwa gia kubwa, mafuta yakiwa yamekanyagwa sana. Ukiinua mguu kidogo, hukoma. Mwaka 1921 Mmarekani Thomas Midgley na wenzake, waliokuwa watumishi wa General Motors, waligundua kwamba risasi ikitiwa kidogo katika petroli huzuia mgongo huu. Na kwa ajili ya kunyamazisha injini dunia ilivuta sumu ya risasi kwa miongo mingi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, mwaka 2021. Siku hizi injini nyingi zina kidude kilichofungwa ubavuni mwake kinachosikiliza mgongo huu, nacho huiambia kompyuta ya gari ikawize cheche kidogo. Hivyo gari lenyewe lina sikio. Sikio hilo likiharibika, taa ya injini huwaka katika dashibodi, na hapo usikubali kuambiwa kwamba taa ile "ni ya kawaida kwa magari haya."

Mgongo wa vyuma ni jambo jingine kabisa. Konrodi, yaani ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, hukaa juu ya krenki kwa beringi nyembamba, na kati yao kuna nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita, iliyojaa oili. Oili ile ndiyo inayobeba mzigo wote, vyuma havigusani. Ikikosekana oili, au ikiwa nyepesi mno, au chafu, chuma hugusa chuma, nafasi hutanuka, na kila pistoni inaposukumwa konrodi hupiga krenki kama nyundo. Sauti yake ni nzito, ya chini, nayo huizidisha nguvu unapoipa injini mzigo. Haiishi injini ikipata moto. Aghalabu huzidi, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi. Mara nyingine taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili humulika injini ikizunguka taratibu. Na oili ikimwagwa juani utaona unga unaometameta.

Fundi mwenye akili hulithibitisha kwa kuzima silinda moja moja. Katika magari ya sasa huchomoa waya wa injekta, wala si wa koili. Kwa maana koili ikichomolewa, petroli mbichi huingia katika bomba la moshi na kuharibu kichujio chake, na tena umeme wa plagi hufika maelfu mengi ya volti. Silinda yenye konrodi mbovu ikizimwa, mgongo hupungua au hubadilika wazi, kwa kuwa mlipuko wa kuisukuma haupo. Mlio wa valvu haubadiliki hivyo. Lakini mwenye gari asijaribu haya. Kazi yake ni moja: akisikia mgongo mzito, au akiona taa nyekundu ya oili, aweke gari kando ya barabara, azime, asiliwashe tena, na gari livutwe kwa kamba. Kilomita tano za "kusogea mpaka gereji" zaweza kuigeuza kazi ya beringi kuwa kazi ya krenki, au konrodi ikakatika na kutoboa ubavu wa injini, na hapo hakuna beringi itakayosaidia.

Juu ya cheni nitasema machache. Injini nyingi ndogo za Toyota zilizo mikononi mwetu, mathalan ile ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,497, zina cheni badala ya mkanda wa ndani. Cheni hukazwa na kidude kinachosukumwa kwa nguvu ya oili. Asubuhi, kabla oili haijafika, yaweza kutatarika kwa sekunde moja au mbili. Ikitatarika kila siku na kwa muda mrefu zaidi, cheni imerefuka au kidude kimechoka, na sababu kubwa niionayo mimi katika vitabu ni oili iliyokaa humo bila kubadilishwa.

Wenye magari ya dizeli wanivumilie. Injini yao hugonga kwa asili yake, kwa kuwa haina cheche: mafuta hunyunyizwa katika hewa iliyogandamizwa ikawa ya moto mno, nayo hujiwasha. Basi kwao la kutafuta ni badiliko la mgongo, silinda moja ikipiga kuliko wenzake. Wazee walikuwa wakilegeza nati ya bomba la nozeli, moja baada ya nyingine, wakisikiliza. Desturi hiyo ilifaa pampu za zamani. Katika dizeli za siku hizi zenye bomba moja la pamoja, mafuta hukaa kwa mgandamizo unaozidi mara elfu moja ule wa hewa, na tone linalochirizika huingia ndani ya nyama ya mkono kama sindano. Mtu hukatwa mkono kwa jambo hilo. Asilegeze nati yoyote.

Nimebakiza lile ambalo kwa chama kama chetu naliona kubwa kuliko yote, nalo ni kuandika. Wengi wenu mnahusika na magari ya ofisi: wengine ni madereva, wengine mnatunza vitabu vya safari, wengine mnatia sahihi. Nimesoma vitabu hivyo kwa mamia. Mahali pa kuandika ubovu wa gari, neno lililojaa ni "inalia." Inalia! Mtoto hulia, ng'oma hulia, kengele hulia. Fundi akisoma "inalia" hujaza "imekaguliwa, ni nzima," kwa kuwa alipoiwasha uani haikulia.

Katika mwaka mmoja, ofisi mbili nisizozitaja zilipoteza injini kwa mgongo wa vyuma. Dereva wa kwanza alikuwa ameandika hivi, nami naandika maana yake tu: mgongo mzito chini ya injini, husikika nikipanda kilima kwa gia ya tatu, injini ikiwa ya moto, hupungua nikiachia mafuta, lakini hauishi, oili nimeipima, imeshuka chini ya alama, nimeongeza lita moja, naomba gari lisiende safari. Tarehe, kilomita za saa ya gari, sahihi. Chini yake aliyekuwa mkubwa wa zamu alitia sahihi kwamba ameona, akaamuru safari iendelee. Konrodi ikakatika porini, abiria wanne wakalala barabarani. Kwa neema hakuna aliyeumia. Baraza la uchunguzi lilipokaa, ukurasa ule ulisomwa mara mbili, na dereva akarudi kazini siku ile ile.

Dereva wa pili alikuwa ameandika "gari inalia" mara tatu katika wiki mbili. Huyu alisimamishwa kazi kwa nusu mshahara akingoja uchunguzi, na mwishowe aliamriwa alipe sehemu ya gharama ya injini, kwa hoja kwamba hakutoa taarifa ya kutosha. Mimi nilivisoma vitabu vyote viwili, nami naamini watu wale wawili walisikia mlio mmoja. Nasema pia kwamba hukumu ya yule wa pili ilikuwa nzito mno, maana aliyepokea taarifa zile tatu naye alikuwa na kinywa cha kuuliza "inalia namna gani?" wala hakuuliza. Halmashauri yetu ikitaka kulifuata jambo la namna hiyo siku nyingine, nitakuwa tayari kuketi nayo.

Kwa hiyo nimeomba, na Katibu amekubali, kwamba pamoja na toleo hili ipigwe chapa karatasi moja ya kubandikwa ndani ya jalada la kitabu cha safari. Ina nafasi za kujaza: injini baridi au ya moto, gari limesimama au linaenda, gia gani, mlima, tambarare au mteremko, mlio mwembamba au mzito, hubadilika ukiinua mguu, au haubadiliki, oili ilikuwa wapi katika kijiti, taa gani iliwaka, kilomita ngapi, nani ameambiwa, saa ngapi. Mwenye gari lake mwenyewe naye aichukue, aijaze nyumbani kabla ya kwenda gereji, na ampe fundi nakala, abaki na yake. Fundi mwema ataifurahia, kwa kuwa imemfanyia nusu ya kazi.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi nitakuwa katika uwanja wa nyuma wa jumba hili, pamoja na fundi mmoja mstaafu ambaye masikio yake nayaamini. Tutasikiliza magari ya wanachama bila malipo, lakini hatutafungua kitu ila mkanda. Atakayependa kuja alilaze gari lake hapa tangu Ijumaa jioni, wala asiliwashe asubuhi mpaka tumefika, maana mlio wa injini baridi husikika mara moja tu kwa siku.